Taji Alilojivika Mwenyewe: Napoleon, Papa Mfungwa na Wewe Kijana



Kabla hujaendelea kusoma, fungua Biblia yako Luka 14:7-11, pale Yesu anapowaangalia wageni wanavyogombania viti vya mbele karamuni. Kisha soma Luka 1:46-55, utenzi wa Mama Maria nyumbani kwa Elizabeti. Ukimaliza soma na Luka 6:27-36, ile sehemu ngumu ya kuwapenda maadui. Soma taratibu. Leo tutayatazama maneno hayo katika maisha ya watu wawili walioishi kweli: mmoja alikuwa jenerali akajifanya kaisari, mwingine alikuwa mmonaki akawa Papa. Maisha yao yaligongana vibaya sana, na namna mgongano ule ulivyoisha ni fundisho kubwa kwetu.

Mtoto wa kisiwani

Napoleon Bonaparte alizaliwa Ajaccio, kisiwani Korsika, tarehe 15 Agosti 1769, Sherehe ya Kupalizwa Bikira Maria Mbinguni. Ishike tarehe hiyo, tutairudia. Ufaransa ilikuwa imekichukua kisiwa hicho mwaka mmoja tu kabla, kwa hiyo mtoto huyu alikua akizungumza lugha ya kwao, na Kifaransa akaja kujifunza baadaye. Alipelekwa bara kusoma shule ya kijeshi angali mdogo. Wenzake walikuwa watoto wa wakubwa, yeye katoka kisiwani, lafudhi yake inachekwa. Wengi wenu mnalijua hilo, kutoka kijijini ukaingia shule ya bweni mjini na kila ukifungua mdomo watu wanacheka.

Alikuwa na akili, hasa kwenye hesabu, na alifanya kazi kama punda. Akiwa na miaka 16 baba yake ameshafariki, naye ni luteni wa mizinga. Akiwa na miaka 24, baada ya vita ya Toulon mwaka 1793, ni jenerali. Akiwa na miaka 30, mwezi Novemba 1799, anapindua serikali na kujiweka mkuu wa nchi. Akiwa na miaka 35 ni kaisari wa Wafaransa. Jamani, miaka 11 tu kutoka ujenerali hadi ukaisari!

Tusimdharau. Kipaji alikuwa nacho, bidii alikuwa nayo. Sheria alizozikusanya mwaka 1804 zimeacha alama katika sheria za nchi nyingi mpaka leo. Hii si hadithi ya mjinga aliyepata cheo kwa bahati. Ni hadithi ya mtu aliyepewa vingi na Mungu, na swali ni aliona vimetoka wapi.

Taji la karatasi

Sasa tuhamie upande wa pili. Mwaka 1798 majeshi ya Ufaransa yaliingia Roma na kumchukua Papa Pius VI, mzee mgonjwa wa miaka 80. Walimhamisha mji hadi mji, mpaka akafa kifungoni huko Valence, Ufaransa, tarehe 29 Agosti 1799. Watu wengi Ulaya walisema basi, habari ya mapapa imeishia hapo.

Haikuishia. Makardinali walikusanyika Venice, katika monasteri ya Wabenedikto kisiwani San Giorgio. Baada ya miezi zaidi ya mitatu, tarehe 14 Machi 1800, walimchagua Barnaba Chiaramonti, mmonaki wa Kibenedikto, askofu wa Imola. Akachukua jina la Pius VII. Ilipofika siku ya kumvika taji hapakuwa na taji, maana hazina ya Roma ilikuwa imeporwa. Wakatengeneza moja la karatasi iliyolowekwa na kugandishwa kwa gundi, wakalipamba kwa mapambo ya kuazima. Papa akaanza kazi yake kichwani ana taji la karatasi.

Siku ya taji la dhahabu

Mwanzoni hawa wawili walielewana. Mapinduzi ya Ufaransa yalikuwa yameliumiza sana Kanisa: mapadre waliuawa, watawa walifukuzwa, makanisa yalifungwa. Napoleon alijua kwamba wananchi wa kawaida bado wanataka Misa na kengele za parokia. Mwaka 1801 alitia saini mapatano na Papa, yale yanayoitwa Konkordato, na makanisa yakafunguliwa tena. Kwa wakulima wa Ufaransa hilo lilikuwa jambo kubwa mno. Papa hakulisahau hata siku moja, na baadaye utaona alivyolikumbuka.

Lakini mwaka uliofuata Napoleon aliongeza vifungu vyake mwenyewe juu ya mapatano yale, bila kumwuliza Papa, ili Kanisa liwe chini ya mkono wa serikali. Mwaka huohuo wa 1802 alirudisha utumwa katika makoloni ya Ufaransa, ambako ulikuwa umefutwa mwaka 1794. Sisi Waafrika hatuwezi kulipita hilo kimyakimya. Toussaint Louverture, mtu mweusi aliyezaliwa mtumwa akawa kiongozi wa Saint-Domingue (leo Haiti), Mkatoliki mwenye ibada, alikamatwa kwa hila na kupelekwa Ufaransa. Akafa Aprili 1803 katika ngome ya Fort de Joux, kwenye milima yenye baridi kali. Basi unaposikia watu wanamsifu Napoleon kuwa ni mkombozi wa wanyonge, kumbuka na wale waliorudishiwa minyororo.

Tarehe 2 Desemba 1804, kanisa kuu la Notre-Dame, Paris. Papa Pius VII amesafiri kutoka Roma wakati wa baridi kuja kubariki. Usiku wa kuamkia sherehe ilibidi kwanza Kardinali Fesch, mjomba wa Napoleon, awafungishe ndoa ya Kanisa Napoleon na mkewe Josephine, kwa sababu Papa alikuwa amegundua kwamba wana ndoa ya serikali tu. Papa hakukubali kuwabariki hivihivi. Hata kaisari alitakiwa kufunga ndoa kama mtu yeyote parokiani kwako.

Kesho yake Papa akampaka Napoleon mafuta matakatifu. Ulipofika wakati wa taji, Napoleon akalichukua mwenyewe kutoka altareni na kujivika kwa mikono yake. Kisha akamvika mkewe. Papa amekaa pembeni anatazama. Jambo hilo lilipangwa mapema, halikuwa ajali, na ujumbe wake kila mtu aliuelewa: hiki nimekipata mwenyewe, sijapewa na mtu.

Kuna picha kubwa ya siku ile, iliyochorwa na Jacques-Louis David, ipo Louvre mpaka leo. Ukiitazama utamwona mama yake Napoleon, Letizia, amekaa katikati, mahali pa heshima. Lakini mama yule hakuwepo kanisani siku ile! Hakuja, kwa sababu ya ugomvi wa kifamilia. Mchoraji alimweka tu. Yaani mtu ana Ulaya yote mbele yake, na kiti cha mama yake ni kitupu mpaka kichorwe. Vijana wa picha za kuhariri, mmeisikia hiyo?

Alipotaka na dhamiri za watu

Mwenye nguvu asipojua nguvu imetoka wapi, hashibi. Mwaka 1806 ilitoka katekisimu mpya kwa Ufaransa nzima. Katika amri ya nne, ile ya kuwaheshimu baba na mama, watoto walifundishwa wajibu wao kwa Napoleon: kumpenda, kumtii, kumlipia kodi, kwenda jeshini kwake, na kwamba asiyefanya hivyo anajistahilisha adhabu ya milele. Inauma kusema, lakini wapo wakuu wa Kanisa la Ufaransa waliokubali na kusifu. Kujipendekeza kwa wakubwa ni dhambi ya zamani, na kanzu haimkingi mtu nayo.

Sasa ile tarehe 15 Agosti. Napoleon aliifanya sikukuu ya taifa ya "Mtakatifu Napoleon", mtakatifu ambaye Wakristo wengi hawakuwahi kumsikia. Siku ya Bikira Maria ikageuzwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa kaisari. Mama aliyejiita mjakazi wa Bwana akasogezwa kando ili mtu mmoja apigiwe mizinga.

Kisha akaitaka Roma yenyewe. Papa wa nyakati zile alikuwa pia mtawala wa nchi, na Napoleon alimtaka awafungie Waingereza bandari zake na aingie vitani upande wake. Papa akakataa: yeye ni baba wa Wakristo wote, hawezi kupigana na wanawe. Mwaka 1808 majeshi yakaingia Roma. Mwezi Mei 1809 Napoleon akatangaza kwamba nchi ya Papa ni mali ya Ufaransa. Papa akajibu kwa hati ya kuwatenga na Kanisa wote walioshiriki uporaji ule.

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Julai 1809, askari wa Jenerali Radet waliparamia kuta za ikulu ya Quirinal kwa ngazi, wakavunja milango. Wakamkuta Papa ameketi, amevaa mavazi yake. Wakamtaka aikane haki yake. Akasema hawezi. Mzee wa miaka 66 akaingizwa kwenye gari la farasi, madirisha yamefungwa, joto la Julai, mfukoni ana sarafu chache tu. Walimpeleka mpaka Savona, akakaa kifungoni karibu miaka mitatu, ametengwa na washauri wake. Aliishi kama alivyokuwa kijana monasterini, kwa sala, kusoma, na inasimuliwa kwamba alishona mwenyewe kanzu yake ilipochanika. Silaha aliyobaki nayo ilikuwa moja. Napoleon aliteua maaskofu, Papa akakataa kuwathibitisha. Majimbo mengi yakakaa bila askofu. Kaisari mwenye majeshi kila kona ya Ulaya alishindwa kupata saini ya mzee mmoja.

Wakati huo huo alimwacha Josephine kwa sababu hakumzalia mrithi, akaoa binti wa mfalme wa Austria, Aprili 1810. Makardinali 13 walikataa kwenda kwenye ibada ya ndoa ile, kwa sababu Papa hakuwa ameitengua ndoa ya kwanza. Napoleon akawapokonya mali na mavazi yao mekundu. Tangu hapo wakaitwa "makardinali weusi". Hebu fikiri, kuvuliwa heshima yako yote kwa sababu tu ulikataa kukaa kwenye kiti ulichopangiwa kanisani.

Ikulu moja, wafungwa wawili

Mwezi Juni 1812 Papa alihamishwa kwa siri kwenda ikulu ya Fontainebleau, kusini ya Paris. Njiani, kwenye milima ya Alpi, aliugua akakaribia kufa, akapewa sakramenti za wagonjwa. Mwezi huohuo Napoleon akavuka mpaka kuingia Urusi na jeshi la watu zaidi ya nusu milioni. Septemba akafika Moscow, mji ukawaka moto, amani aliyoitarajia haikuja. Oktoba akaanza kurudi. Baridi, njaa, magonjwa na mashambulizi vikalimaliza jeshi lile. Waliorudi walikuwa sehemu ndogo tu. Tukisema "Napoleon alishindwa Urusi" tunakuwa tumesahau kwamba walikufa vijana wa umri wenu, wana wa wakulima wa Ufaransa, Italia, Poland, Ujerumani, na Warusi pia, kwa ajili ya taji la mtu mmoja.

Januari 1813 Napoleon alimwendea Papa Fontainebleau, akambana siku kadhaa. Na hapa, ndugu zangu, Papa alianguka. Amechoka, mgonjwa, peke yake, tarehe 25 Januari alitia saini karatasi iliyompa Napoleon karibu kila alichokitaka. Papa mwenyewe aliyevumilia miaka yote ile!

Mara tu alipoachiwa kuonana na makardinali wake, alikuwa amevunjika moyo kwa majuto. Hakujitetea kwamba alilazimishwa, ingawa ni kweli alibanwa. Tarehe 24 Machi, miezi miwili tu baadaye, aliandika kwa mkono wake mwenyewe barua kwa Napoleon akifuta saini ile, akikiri kwamba alikosea. Angali mfungwa, mlangoni kuna walinzi. Alijua barua ile inaweza kumgharimu maisha.

Mwaka uliofuata gurudumu liligeuka. Napoleon alikuwa ameshashindwa Leipzig, Oktoba 1813, na maadui wakaingia Paris mwishoni mwa Machi 1814. Mwezi Aprili alisaini kuachia ukaisari, na alisainia wapi? Fontainebleau. Ikulu ileile aliyomfungia Papa. Usiku mmoja humo ndani alijaribu kujiua kwa sumu, ikashindikana. Papa alikuwa ameshaondoka, yuko njiani kurudi kwake, watu wanapiga magoti barabarani. Akaingia Roma tarehe 24 Mei 1814. Mwaka 1815 akaiweka tarehe hiyo kuwa sikukuu ya Bikira Maria Msaada wa Wakristo, ile ambayo wanafunzi wa shule za Wasalesiani wanaijua vizuri. Siku moja ya Mama Maria ilikuwa imegeuzwa kuwa ya kaisari. Sasa Papa alimpa Mama siku nyingine.

Napoleon alitoroka Elba mwaka 1815, akatawala kama siku mia moja, akashindwa Waterloo tarehe 18 Juni. Waingereza wakampeleka Saint Helena, kisiwa kidogo katikati ya bahari ya Atlantiki, upande wa magharibi wa Afrika. Alizaliwa kisiwani, akafia kisiwani.

Sehemu niliyotaka tufike

Kama tungeishia hapo, tungesema "mwenye kiburi kaanguka", tukapiga makofi tukaenda kulala. Lakini Injili haituruhusu kupiga makofi. Na tuwe wakweli: si kila mwenye kiburi huanguka tukimwona. Wengine hufa vitandani kwao wakiwa matajiri na wanasifiwa. Kwa hiyo fundisho haliwezi kuwa "ukijikweza utakamatwa" tu.

Angalia alichofanya Papa. Baada ya Waterloo, ndugu zake Napoleon walifukuzwa na kukataliwa huku na huko. Wafalme waliokuwa wakigombania kuketi mezani pao sasa hawawataki. Aliyewafungulia mlango ni Pius VII. Letizia, mama yule wa kiti kitupu, akapokelewa Roma. Kardinali Fesch akapokelewa. Ndugu wengine pia. Mji ambao Napoleon alimtolea Papa kwa ngazi na bunduki ndio uliowapa ndugu zake hifadhi.

Mwaka 1817 Papa alisikia kwamba Napoleon anateseka kule kisiwani. Akamwandikia Kardinali Consalvi, Katibu wake wa Nchi, amwombee kwa mtawala wa Uingereza apunguziwe ukali wa kifungo. Akamkumbusha kwamba, baada ya Mungu, kurejea kwa dini Ufaransa kulitokana na mtu yule, na kwamba mateso ya Savona na Fontainebleau aliyaona kama makosa ya akili iliyopotoka, ilhali Konkordato lilikuwa tendo la uponyaji. Miaka mitano ya kifungo kwenye mizani, na Papa akachagua kukumbuka lile jema.

Mwaka 1819, kwa juhudi za mama yake na Kardinali Fesch, mapadre wawili walifika Saint Helena. Misa ikawa inaadhimishwa nyumbani kwa mfungwa. Mmoja wao, Padre Vignali, ndiye aliyempa Mpako wa Wagonjwa. Napoleon alifariki tarehe 5 Mei 1821, ana miaka 51. Katika wosia wake aliandika kwamba anakufa katika dini ya Kikatoliki aliyozaliwa nayo. Moyoni mwake kulikuwa na nini, Mungu ndiye ajuaye. Kanisa halikumtangaza mtakatifu, wala halikumtangaza yuko motoni. Lilimpelekea padre.

Papa Pius VII alifariki mwaka 1823. Tangu mwaka 2007 anaitwa Mtumishi wa Mungu, na mchakato wa kumtangaza mtakatifu umefunguliwa.

Yule wa Afrika

Usifikiri haya ni ya Wazungu tu. Jean-Bédel Bokassa, mwanajeshi wa Afrika ya Kati aliyelelewa na wamisionari, alitwaa madaraka kwa mapinduzi usiku wa kuingia mwaka 1966. Alimhusudu Napoleon. Tarehe 4 Desemba 1977, mjini Bangui, alijivika taji la ukaisari kwa mfano wa sherehe ile ya Paris, kwa mamilioni ya dola, katika nchi ya watu maskini. Papa Paulo VI hakwenda. Septemba 1979, hata miaka miwili haijatimia, askari wa Ufaransa wakamwondoa. Lakini kabla hajaondolewa watoto wa shule walikuwa wameshakufa gerezani Bangui. Walikamatwa baada ya maandamano yaliyoanzia kwenye amri ya kununua sare za shule. Taji la kujivika, wanaolilipia ni watoto wa wengine.

Mimi na wewe

Utasema, "Mimi sina jeshi." Sawa. Lakini taji za kujivika zipo hata parokiani. Kuna mwenyekiti wa vijana ambaye muda wake umekwisha na uchaguzi haufanyiki. Kuna mwimbaji anayesusa kwaya nzima kwa sababu wimbo wa kati kapewa mwingine. Kuna msimamizi wa grupu la WhatsApp anayemtoa kila anayeuliza habari za michango. Kuna msomi wa kwanza wa ukoo ambaye sasa akirudi nyumbani haongei na wazee. Aisee, kaisari anaweza kuishi ndani ya mtu mwenye simu ya kitochi.

Nakuachia mambo matatu ya kubeba.

La kwanza, jiulize kipaji chako kimetoka wapi. Mtume Paulo anawauliza Wakorintho swali hilohilo: ni nini ulicho nacho ambacho hukukipokea? (1Kor 4:7). Mtu aliyepokea anaweza kushukuru, na anayeshukuru hana haja ya kunyang'anya. Yesu alipoonyeshwa falme zote za dunia alikataa kuzichukua kwa njia ya mkato. Siku ya mwisho alifunga kitambaa kiunoni akaosha miguu, na miguu ya Yuda ilikuwemo.

La pili, ukianguka, rudi mapema. Papa Pius alianguka Januari, Machi akawa ameshasimama. Hakungoja hali iwe nzuri wala kusema "nimeshaharibu, basi niendelee hivyohivyo". Wapo kati yetu walioshakubali jambo kwa kubanwa: rushwa ya kupata kazi, uhusiano usio sahihi, saini kwenye karatasi ya uongo ofisini. Umebanwa kweli, lakini kalamu ya kufuta bado unayo. Kitubio kipo. Padre yupo Jumamosi jioni. Nenda.

La tatu ndilo gumu. Nani kakufungia wewe Savona yako? Labda baba aliyewatelekeza, bosi aliyekudhalilisha, rafiki aliyekula fedha zako. Kumsamehe si kusema hakukosea. Papa hakusema Napoleon alifanya sawa. Alikataa mpaka mwisho kuita uovu wema, na haki ya Kanisa aliidai. Wala sikuambii urudi kwa mtu anayekupiga, hapana, jilinde na tafuta msaada. Lakini mtu yule akianguka, akiwa hana kitu na hawezi kukuumiza tena, moyo wako utafanya nini? Utaposti kicheko, au utamwombea walau Salamu Maria moja? Papa alipata nafasi ya kulipiza kisasi, nayo akaitumia kumtafutia adui yake nafuu.

Zoezi la wiki hii

Chagua kazi moja ambayo hakuna atakayejua uliifanya: kufagia kanisa, kuosha vyombo vya jumuiya, kumsaidia mzee kufika Misa. Usipige picha. Kisha taja mbele ya Mungu jina la mtu mmoja aliyekuumiza, na useme jambo moja jema ambalo aliwahi kukufanyia, hata kama ni dogo. Kama huwezi bado, mwambie Mungu kwamba huwezi. Hiyo nayo ni sala.

Tusali

Ee Bwana Yesu, Mfalme uliyevikwa taji la miiba na mikono ya wengine, tunakuletea vipaji vyetu, navyo vyote umetupa wewe. Utuondolee kiu ya viti vya mbele. Tukianguka, utupe ujasiri wa kurudi kabla jua halijazama. Uwaangalie wanaoonewa na wenye nguvu, na vijana wanaokufa katika vita visivyo vyao. Uwahurumie pia wakubwa walioanguka, wanaokufa wapweke mbali na kwao. Na wale waliotufunga, uwafungue, utufungue na sisi. Kwa maombezi ya Maria, Msaada wa Wakristo. Amina.

Baba Yetu... Salamu Maria... Atukuzwe Baba...

Mshirikishe mwenzako tafakari hii, hasa yule mliyegombana. Mungu akubariki, Jumapili njema!